Mlio wa Swali la Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Wameondoka. Vumbi wameniachia mimi.

Walikuja "kunipunguzia vitu", wanangu wawili. Mkubwa ni mhasibu, na humu nitamwita Mhasibu, kwa sababu hata akiniamkia naona kama ananikagua. Mdogo ni Kitinda, muuguzi, roho yake nzuri ila anamwogopa kaka yake. Vitu vikapunguzwa wee, mpaka nikauliza: mnanipunguzia vitu niende wapi? Hapo ndipo yakatoka. Nihamie kwa Mhasibu mwisho wa mwezi. Chumba kipo — kile cha nyuma ya jiko, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

Hoja zake alizipanga kama mahesabu. Naishi peke yangu. Umri umeenda. Wanabisha hodi mpaka mikono inauma, sifungui. Simu inaita, sipokei. Nikamwambia abishe kama mwanaume. Siku hizi watu wanagonga mlango kama wanaubembeleza, na kuongea ni kunong'ona tu, hata wasoma habari redioni. Mimi sina tatizo. Wao ndio wamepungua sauti.

Chini ya kitanda wakakuta sanduku la betri za marehemu. Zile ndogo za mraba, zenye vifungo viwili kichwani. Mume wangu aliamini iko siku betri zitaadimika dunia nzima, akaziweka akiba kama watu wanavyoweka mahindi. Redio ikafa, naye akafuata, betri zimebaki. Mhasibu akataka kuzitupa. Nikalikalia sanduku. Kweli kabisa, nimelikalia, na kwa mwili huu hakuna aliyejaribu kuniinua.

Walipoondoka nikatoa moja nikaigusa kwa ulimi, kama alivyokuwa akifanya yeye. Ikaniuma! Bado iko hai. Nikacheka peke yangu jikoni, paka akiniangalia.

Halafu nikakumbuka Swali la Tatu.

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mchapaji wa shule. Mtihani wa kemia nilichapa mimi kwenye stensili, kila mwaka, mlango umefungwa kwa ufunguo. Na kila mwaka lilikuwemo: "Mkondo wa umeme kutoka kwenye betri ulipitishwa ndani ya maji. Tazama mchoro." Hapo naacha nafasi ya vidole vinne. Mchoro alichora mwalimu mwenyewe baada ya mimi kumkabidhi, sikuwahi kuuona. Kisha nachapa karatasi ya majibu: "Gesi ya haidrojeni ikikaribiwa na njiti inayowaka hutoa mlio wa pop."

Pop. Nimelichapa neno hilo mpaka herufi ya o ikatoboa karatasi. Sijawahi kulisikia hata siku moja.

Betri ninazo. Maji ninayo. Muda, kwa hisani ya serikali na pensheni, ninao. Kabla sijahamia nyuma ya jiko la mtu, nitausikia huo mlio. Na kuhama kwenyewe sijakubali.

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza.

Bilauri ya maji. Penseli mbili walizosahau wajukuu, nimezichonga pande zote mbili. Waya nimeukata kwenye redio ya marehemu — aniwie radhi. Mwisho mmoja wa waya kwenye betri, mwingine kwenye penseli, penseli ndani ya maji. Nikakaa, nikangoja. Hakuna kitu. Maji yananitazama, nami nayatazama.

Karatasi ya mtihani ilisema maji "yenye asidi kidogo". Asidi naitoa wapi? Nikatia chumvi, kijiko cha kujaza. Likaanza! Povu dogo dogo likapanda kwenye penseli moja, jeupe, kama maji yanayotaka kuchemka. Watu wanasema nimekula chumvi nyingi. Sasa naitia umeme.

Sikula mchana. Nilisahau.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeunganisha betri kadhaa kwa mfululizo, mdomo kwa mdomo, ili kazi iende haraka. Ikaenda. Jikoni pakaanza kunuka dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Nikadhani ndiyo harufu ya haidrojeni. Kumbe!

Kitinda akanipitia akitoka zamu ya asubuhi. Anasema alibisha sana. Aliingia kwa ufunguo wake, akasimama mlangoni, machozi yakaanza kumtoka. Akauliza napika nini, mbona nyumba inanuka kama wodi iliyopigwa deki. Nikamwonyesha. Akafungua madirisha yote, akanitoa nje kwa mkono kama mgonjwa wake, ndipo akaniambia: ukitia umeme kwenye maji ya chumvi unapata klorini, na klorini inachoma mapafu. Kwa hiyo nilikuwa najitilia sumu jikoni kwangu, tena kwa bidii.

Niliogopa. Hilo naliandika hapa, kwake sikulisema.

Alikasirika, lakini kabla ya kuondoka niliona akiinama kuangalia zile penseli. Akauliza mbona povu ni jingi upande mmoja tu. Nikasema sijui, hilo ndilo natafuta. Kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akasema: hakuna tena chumvi, mama, niahidi.

Nikamwahidi. Hakuna tena chumvi. Zaidi ya hapo hakuniahidisha kitu.

Jumapili, 9 Machi

Mhasibu alikuja kunijulia hali. Alikaa jikoni, kwenye stuli niliyoimwagia yale maji ya chumvi ya Alhamisi. Nilijua mto wa stuli ulikuwa bado na unyevu. Nilitaka kumwambia, lakini alikuwa katikati ya kunieleza jinsi wazee wanavyojisumbua bure, na mimi nilifundishwa kutomkata mtu kauli.

Jioni akapiga simu. Hii niliisikia vizuri sana, alikuwa anapiga kelele. Suruali yake ya kazini, ile ya bluu iliyokolea, imefanya baka jeupe makalioni, na mkewe ndiye aliyeliona, mbele ya wageni. Nikampa pole. Nikaweka simu chini nikacheka mpaka paka akahama chumba.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu si ndiye mimi? Yeye kapona, kapaukiwa suruali tu.

Jumatatu, 10 Machi

Leo sicheki.

Nilikwenda dukani kwa Mzee Chenji kutafuta soda ya kuokea keki, maana Swali la Pili lilikuwa na soda badala ya asidi. Jina la Chenji wamempa wateja, kwa sababu katika maisha yake hajawahi kuwa nayo. Akanipa soda, akanipa peremende mahali pa chenji, halafu akaniuliza kwa upole: "Bi Mchapaji, basi ndiyo unatuacha?" Nikamwambia arudie. Akarudia kwa sauti. Yule mpangaji wangu mpya, anasema, kijana wa watu mwenye heshima, kashafika Jumamosi na Mhasibu kuitazama nyumba kwa nje. Wakahesabu madirisha. Mimi nilikuwa ndani! Nilikuwa ndani nachonga penseli, na mwanangu yuko uani kwangu anaonyesha watu nyumba yangu, wala sikusikia kitu.

Mzee Chenji akaongeza kwamba mtaani wanasema natengeneza bomu. Nikamuuliza nani anasema. Akaangalia pembeni. Basi ni yeye.

Nyumba hii tulijenga chumba kimoja kimoja. Marehemu akinyoosha uzi, mimi nikimwambia umepinda, na ulikuwa umepinda. Ukuta wa sebule mpaka leo unaonyesha nani alikuwa na haki. Sitoki. Mtoto akililia wembe mpe, wanasema, lakini wembe si nyumba. Huyu sitampa.

Jumatano, 12 Machi

Sasa nina mchoro wangu.

Nimekaa na ile nafasi ya vidole vinne kichwani, nikaijaza mwenyewe. Kopo tupu la siagi. Nimelitoboa matundu mawili chini, nikapitisha penseli mbili zikasimama ndani kama meno, nikaziba kwa nta ya mshumaa. Kopo liko juu ya matofali mawili ili waya zipite chini. Ndani maji ya soda, hakuna chumvi. Ahadi ni deni. Na juu ya kila penseli nimegeuza bomba la sindano, limejaa maji, ncha yake nimeiziba kwa nta pia. Gesi ikipanda inashika nafasi ya maji humo humo.

Binti wa duka la dawa aliniuliza mabomba ni ya ugonjwa gani. Nikamwambia ni ya mtihani. Akasema, "Hongera, bibi," hata bila kutabasamu. Binti wa maana.

Nikaunganisha betri. Safi! Povu pande zote mbili, wala harufu hakuna. Bomba la kushoto likajaa upesi, la kulia likawa linajikokota. Nikafikiri: kizuri huja polepole, hilo la kulia ndilo lenye mali. Nilipoona limefikia nusu nikaliinua, kidole kimeziba mdomo, nikawasha njiti, nikaisogeza.

Haikulia. Ila moto wa njiti ulichangamka, ukawa mweupe, ukataka kuniunguza kidole.

Nilikaa na hasira mpaka chai ikapoa. Halafu nikaiona ile karatasi ya majibu kabisa, kama naivuta kwenye mashine. Swali la Nne: "Gesi ya oksijeni huchochea moto." Na mstari wa chini yake: "Ujazo wa haidrojeni ni maradufu ya ujazo wa oksijeni." Maradufu! Lile bomba la kushoto, lile lililojaa upesi, ndilo. Hilo ndilo povu jingi aliloliuliza Kitinda. Nimehangaika siku nzima nikajibu Swali la Nne badala ya la Tatu. Na kushoto nimeshamwaga.

Hata hivyo nimejibu. Bila mwalimu, bila mchoro. Weka vema hapo.

Ijumaa, 14 Machi

Sitaki kuandika hii. Naandika.

Bomba la kushoto lilijaa. Nikaliinua, mdomo chini, kidole nikakitoa, njiti nikaisogeza. Mwale mdogo wa moto, ukaingia ndani ya bomba, ukazimika. Kuta za bomba zikaota umande. Mlio hakuna.

Nikasema basi, mtunga mtihani alikuwa mwongo. Miaka yote nimechapa uongo na watoto wameukariri. Nikangoja lijae tena, nikarudia. Mwale, umande, kimya.

Mara ya tatu paka alikuwa amelala juu ya stuli. Niliposogeza njiti, nikaona mwale, na wakati huo huo paka akaruka juu, miguu yote minne hewani, akaangusha kikombe, akatokea dirishani.

Nilisimama na lile bomba mkononi.

Paka amesikia.

Kikombe kilikuwa chini, vipande viwili. Nacho sikukisikia kikianguka.

Nimelia. Sijalia hivi tangu siku ya mazishi ya marehemu. Si kwa ajili ya kikombe. Watu hawanong'oni. Wasoma habari hawajabadilika. Walibisha hodi, walibisha kweli, na mpangaji alihesabu madirisha yangu kwa sauti.

Baadaye nikakasirika, afadhali. Masikio ni yangu, yakizeeka yamezeekea kwangu. Ng'ombe hazeeki maini. Kwani nyumba inakaliwa kwa masikio? Mtu asiyesikia hodi hufunga kengele yenye taa, hufuga mbwa, hugawa funguo. Hahamishiwi nyuma ya jiko kama sufuria lililotoboka!

Lakini Mhasibu akijua hili, kesi imekwisha. Kesho wanakuja kwa kikao.

Jumamosi, 15 Machi

Wamekuja. Nilijipanga: nilikaa nikiwatazama midomo wote wawili, mgongo ukutani. Nilijibu kila kitu. Kuhusu bomu nikamwambia Mhasibu akamuulize Mzee Chenji. Kuhusu mpangaji nikamuuliza mimi, na Mhasibu akatazama viatu vyake. Nilikuwa nashinda.

Kisha akainuka, kama mtu anayekwenda kunywa maji. Akapita nyuma yangu kuelekea jikoni. Mimi nikaendelea kumweleza Kitinda kwamba siendi. Nikaona macho ya Kitinda yakipanda juu ya bega langu, yakakaa huko, uso wake ukaanguka. Nilipogeuka, Mhasibu alikuwa amesimama nyuma yangu kabisa. Akaniambia, sasa akinitazama: "Nimekuita mara nne, mama."

Kesi imekwisha.

Pikapu ya kunihamisha inakuja kesho, si mwisho wa mwezi tena. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo linalonichoma. Aliniwekea mkono begani. Niliutoa.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi mapema nimefunga mlango wa jikoni kwa komeo, nikaunganisha betri zote zilizobaki hai. Nimeweka chupa ya dawa ya kikohozi badala ya bomba la sindano, ni pana zaidi. Nilifikiri: kama mlio ni mdogo, niukuze. Labda ukikua nitausikia. Liwalo na liwe, siondoki hapa kabla ya Swali la Tatu.

Chupa iko nusu. Naandika huku nikiitazama.

Pikapu imefika. Najua kwa sababu vikombe vinatikisika rafuni, na paka kajificha. Mlango wa jikoni nao unatikisika. Kuna mtu anabisha, nauona ubao ukicheza. Nimeangalia kwenye ufa. Ni Kitinda, peke yake. Kaka yake yuko barabarani na vijana wa kubeba.

Nimemfungulia, nikarudisha komeo.

Ametumwa anitoe, anasema, Mhasibu hana hasira lakini ana haraka. Aliongea taratibu akinitazama, midomo wazi, kama wanavyofundishwa. Nikamwambia aache kuniongelesha kama wodini. Kisha nikamwambia yote. Paka. Kikombe. Mara nne alizoniita kaka yake. Nikamwambia: nimelipata jibu, lakini sina cha kulisikilizia. Nataka masikio yako. Baada ya hapo kamwambie kaka yako unachotaka, mimi siendi vile vile.

Sikuwahi kumwomba mwanangu kitu. Nilisema nikiwa nimesimama wima, ili asidhani nimeinama.

Akaiangalia chupa, akaangalia na lile bomba la upande wa pili. Akauliza, "Upande huu wa povu jingi ndio wenyewe?" Nikamwambia ni maradufu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akilifikiria hilo tangu Alhamisi ile. Halafu akavua viatu vyake vya kazini akaviweka chini ya meza, akavuta ile stuli. Ameikagua kwanza kama imelowa.

Tumekaa. Maji yanashuka, gesi inapanda. Kasema betri moja imepoa, nimeibadilisha. Mara mbili ameugeukia mlango, kwa hiyo kaka yake anapiga honi. Mara ya tatu ameinuka, akafungua dirisha, akapaza sauti. Nimeisoma midomo yake kutoka pembeni, vizuri tu: "Kaka, zima gari."

Vikombe vimetulia rafuni.

Chupa imejaa. Kiberiti amekichukua yeye, nami nimemwachia. Chupa sitaitazama. Nitamtazama yeye usoni.

Ananiashiria niweke kalamu chini.